Paul Siple, Skauti wa Ncha ya Kusini

Sisi tukaao katika nchi za Afrika ya Mashariki twaijua theluji kwa macho tu. Mtu wa Moshi huamka asubuhi akaiona nyeupe juu ya kilele cha Kibo, na mtu wa Nyeri huiona juu ya Mlima Kenya. Kisha kila mmoja huenda zake shambani chini ya jua, wala theluji ile haimpati. Lakini iko nchi moja ambayo karibu yote, toka pwani yake hata katikati, imefunikwa na barafu, na mahali pengine unene wa barafu hiyo wapita kilometa 3. Nchi hiyo ni Antaktika, nayo iko mwisho kabisa wa dunia upande wa kusini. Ukubwa wake ni karibu nusu ya Afrika. Haina mti, haina shamba, wala haina wenyeji.

Nataka kuwasimulieni habari za mtu mmoja aliyekwenda katika nchi hiyo alipokuwa kijana wa miaka 19, akarudi tena na tena mpaka alipokaribia miaka 50. Safari ya kwanza hakupelekwa kwa sababu ya mali ya baba yake, wala kwa sababu ya elimu kubwa, maana elimu hiyo alikuwa bado hajaipata. Alipelekwa kwa sababu alikuwa skauti.

Paul Allman Siple alizaliwa tarehe 18 Desemba 1908 katika mji mdogo wa Montpelier, jimbo la Ohio, huko Marekani. Alikulia katika mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania, ulio ukingoni mwa ziwa lenye jina hilo hilo. Ziwa Erie ni dogo kidogo kuliko ziwa letu la Tanganyika, lakini si la kufanyiwa mzaha. Wakati wa baridi maji yake huganda, na upepo upitao juu yake huumwagia mji theluji nyingi. Mtoto wa Erie hufundishwa mapema kufunga vifungo vya koti lake.

Uskauti ulikuwa bado mchanga katika siku hizo. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliwapeleka wavulana wachache katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, akakaa nao katika mahema ili ajaribu mafunzo yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1910, chama cha maskauti kikaundwa Marekani. Mvulana wa Marekani aliruhusiwa kuingia akitimiza miaka 12. Paul aliingia, na kwa kuwa alikaa kando ya ziwa, akawa pia katika maskauti wa majini, ambao hujifunza kamba, tanga na makasia.

Yafaa niwaeleze kidogo jinsi nishani za maskauti zilivyo, kwa sababu ndizo zilizomfungulia mlango. Skauti hapewi nishani kwa kujua jambo kwa maneno. Hana budi alifanye mbele ya mtu alijuaye. Akitaka nishani ya upishi, apike, na chakula kiliwe. Akitaka nishani ya kulala kambini, alale nje siku nyingi zilizohesabiwa. Skauti wa Marekani apataye nishani 21, na baadhi yake ni za lazima, huweza kupewa cheo cha Tai, ambacho ndicho cha juu. Katika siku za Paul nishani za lazima zilikuwa pamoja na za upishi, kambi, huduma ya kwanza kwa waliojeruhiwa, na kuwajua ndege wa porini. Paul alikipata cheo cha Tai, lakini hakutosheka na nishani 21. Aliendelea mpaka akawa nazo karibu 60.

Wako watu wanaocheka mambo haya, wakisema ni mchezo wa watoto na vitambaa vya kushonea shati. Mimi nimewahi kulala kambini na wavulana wa shule wakati wa mvua za masika, nikaona tofauti. Usiku ule mvulana aliyesifiwa kwa kuimba hakutusaidia neno. Aliyetusaidia ni yule mkimya ambaye, kabla ya mawingu kuja, aliingiza kuni chini ya turubali bila ya kuambiwa na mtu. Paul Siple alikuwa mtu wa namna hiyo, kama mtakavyoona.

Mwaka 1928 afisa mmoja wa manowari za Marekani, jina lake Richard Byrd, alikuwa akifanya tayari safari kubwa ya kwenda Antaktika. Nia yake ilikuwa kuruka kwa eropleni juu ya Ncha ya Kusini, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Wakati huo watu waliopata kufika Nchani walikuwa wa safari mbili tu, nao walikwenda juu ya barafu: Amundsen wa Norwe na wenzake, Desemba 1911, na Scott wa Uingereza na wenzake, Januari 1912. Scott na wenzake wanne wote walikufa njiani walipokuwa wakirudi, kwa njaa, ugonjwa na baridi. Kila mtu aliyetaka kwenda na Byrd aliijua habari hiyo.

Byrd alikubali kumchukua skauti mmoja. Tangazo likapelekwa kwa maskauti wa Marekani yote, na maombi yakaja kwa wingi. Wasimamizi wakayachambua mpaka wakabaki vijana 17, wakachambua tena wakabaki sita. Hao sita wakaitwa New York wakaangaliwa kwa karibu, na mwisho Byrd akamchagua Paul Siple. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mwili wa nguvu, mwanafunzi wa Chuo cha Allegheny. Akaacha masomo yake kwa muda, akafunga mzigo wake.

Merikebu yao, City of New York, ilikuwa ya mbao, yenye matanga na injini ndogo, ikaondoka New York tarehe 25 Agosti 1928. Labda mwadhani kijana aliyeandikwa katika magazeti yote alipewa chumba kizuri na kuheshimiwa kama mgeni. Sivyo. Alikuwa baharia kama mabaharia wengine, akafanya kazi za sulubu. Wako watu wazima merikebuni waliodhani kwamba yeye ni pambo tu la safari, kitu cha kufurahisha magazeti, na Paul alitambua kuwa hawezi kuwajibu ila kwa kazi.

Mwisho wa mwaka wakafika penye ukingo wa barafu, wakajenga nyumba zao mahali walipopaita Little America. Nyumba zile zilizamishwa katika theluji, na baina yake wakachimba njia za kupita chini kwa chini, kama njia za fuko. Watu 42 walikaa humo wakati wa baridi. Katika sehemu zile jua huzama mwezi wa Aprili lisionekane tena mpaka mwezi wa Agosti. Fikirini usiku wa miezi minne, upepo ukivuma juu ya paa, na watu 42 wakizoeana mpaka kuchokana.

Paul alipewa kazi ya wanyama. Alisaidia kuwinda sili, ambao ni wanyama wa baharini wenye mafuta mengi, kwa ajili ya chakula cha mbwa wavutao magari ya theluji. Pia aliwachuna sili na ndege waitwao pengwini, ngozi zao zipelekwe katika nyumba ya makumbusho New York. Pengwini hawaruki, husimama wima na kutembea kama wazee waliovaa makoti, wala hawamwogopi mtu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi kwa kijana aliyefundishwa kuwa mpole kwa wanyama, lakini mbwa wasingepata nyama nyingine, na mikono yake ilijua kazi tangu kule kambini Erie. Tena alifunza mbwa wake mwenyewe kuvuta, akawaendesha. Pamoja na hayo alishika zamu kama wengine: kuchota theluji ya kuyeyusha iwe maji, kufagia, kuosha vyombo.

Jambo moja alijifunza huko ambalo halikumtoka tena. Mtu akiwa nje katika baridi ile, ngozi ya pua au ya shavu huweza kuganda, ikawa nyeupe na ngumu kama nta, na mwenyewe asisikie maumivu yo yote. Hawezi kujiona. Kwa hiyo watu hutembea wawili wawili, na kila mmoja humtazama mwenzake usoni mara kwa mara. Akiona doa jeupe humwambia, nalo likapashwa joto kabla nyama haijafa. Katika kambi za maskauti Paul alikuwa amezoea kutembea na mwenzi na kumwangalia. Kule Erie ilikuwa desturi njema. Hapa ilikuwa pua ya mtu.

Tarehe 28 na 29 Novemba 1929 Byrd na wenzake watatu waliruka juu ya Ncha ya Kusini, wakarudi salama. Paul hakuwamo katika eropleni. Alibaki kambini pamoja na wengi wengine. Mwezi wa Juni 1930 wote walikuwa wamerudi New York, wakapokewa kwa shangwe. Mwaka 1931 Paul akatoa kitabu cha safari yake, na wavulana wengi wa Marekani wakakisoma. Ikiwa mambo yangaliishia hapo, tungesema kwamba kijana mmoja alipata bahati kubwa, na habari zake zingesahauliwa upesi. Lakini alirudi chuoni, akamaliza masomo yake mwaka 1932.

Mwaka 1933 Byrd alifunga safari ya pili, akamwita tena. Safari hii hakumwita kama skauti, bali kama mkuu wa wataalamu wa viumbe. Paul aliongoza watu wanne, yeye mwenyewe akiwamo, wakaenda na mbwa mbali katika nchi ambayo mguu wa mtu ulikuwa haujaikanyaga, wakapanda milima ya mawe iliyotokeza juu ya barafu. Kule wakakuta mimea midogo sana, ishikayo juu ya mwamba kama ukoga, nayo ilikuwa hai. Hebu fikirini: mahali ambapo mtu mwenye manyoya toka kichwani hata miguuni anatetemeka, kijimea kimekaa juu ya jiwe kwa miaka mingi.

Alioa mwaka 1936, akapata binti watatu. Akaendelea na elimu katika Chuo Kikuu cha Clark, na mwaka 1939 akapata shahada ya udaktari. Sasa angalieni aliandika nini ili aipate shahada hiyo. Angaliweza kuandika juu ya pengwini, au milima, au mawe. Aliandika juu ya mtu: jinsi msafiri awezavyo kuishi katika baridi ya Antaktika, avae nini, ale nini, ajilinde namna gani. Kwa maoni yangu, aliyeiandika karatasi ile ni yule yule mvulana wa kambini. Swali la skauti alalaye nje huwa ni moja: nifanyeje mimi na wenzangu tuamke kesho tukiwa wakavu na wazima? Paul alilichukua swali hilo la watoto akalipeleka chuo kikuu, na wakubwa wakaona kwamba ni swali zito.

Katika mwaka huo huo wa 1939 serikali ya Marekani ilipeleka watu Antaktika, na Siple, aliyekuwa na miaka 30, akawekwa kuwa mkuu wa kambi ya magharibi. Huko, mwaka 1940, akishirikiana na mtaalamu wa mawe Charles Passel, alifanya jaribio ambalo limelifanya jina lake lijulikane mpaka leo. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hata mwanafunzi wa darasa la sita aweza kulifahamu.

Kila mtoto ajua kwamba uji wa moto ukipepewa hupoa upesi. Kwa nini? Juu ya uji kuna hewa iliyopata joto. Ukiipuliza, hewa ile huondoka na hewa ya baridi huja mahali pake, ikachukua joto jingine. Mwili wa mtu ni vivyo hivyo. Ngozi yetu huipasha joto hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo ikatufunika kama shuka jembamba. Upepo ukija hutuvua shuka lile. Mtu aliyetoka kuoga baharini akasimama penye upepo ajua nisemalo, hata kama ni Mombasa.

Watu wote walilijua jambo hili tangu zamani, ila hapana aliyekuwa amelitafutia hesabu iliyokubaliwa. Siple na Passel walichukua kopo dogo la plastiki, wakalijaza maji, wakalitundika juu ya mti penye paa la nyumba. Kila mara waliandika baridi ilikuwa kiasi gani, upepo ulikuwa na mwendo gani, na maji yalichukua muda gani kuganda. Wakarudia tena na tena, siku yenye upepo na siku ya utulivu. Katika hesabu hizo wakapata kanuni ya kuonyesha jinsi upepo unavyoongeza ukali wa baridi, na mwaka 1945 wakaitangaza kwa kuipiga chapa. Hesabu yao ilikuwa na kasoro, maana kopo la maji si uso wa mtu. Mwaka 2001 Marekani na Kanada ziliibadili kwa hesabu bora zaidi, lakini msingi ni ule ule. Kwa hesabu ya sasa, baridi ikiwa digrii 20 chini ya sifuri, na upepo ukienda kilometa 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupata baridi kama ya digrii 33 chini ya sifuri. Nchi za baridi hutangaza hesabu hiyo katika habari za hewa, na mama asikiapo huzuia watoto wasitoke bila ya kufunika masikio.

Wakati wa vita kuu ya pili Siple alitumikia jeshi la Marekani, akisimamia utafiti wa nguo za askari wa nchi za baridi. Alishikilia neno ambalo kila skauti aliyelala nje hulijua: nguo kadha nyepesi, moja juu ya nyingine, ni bora kuliko nguo moja nzito. Kwanza, hewa hukamatwa baina ya nguo na nguo, nayo ndiyo ihifadhiyo joto. Pili, mtu afanyapo kazi huweza kuvua moja asitoke jasho. Katika baridi kali jasho ni adui, kwa sababu likilowesha nguo huganda, na nguo iliyoganda haimlindi mtu.

Sasa nifike kwenye mwaka uliomjaribu kuliko yote. Mataifa mengi yalikuwa yamekubaliana kuichunguza dunia kwa pamoja, kuanzia Julai 1957 hata mwisho wa 1958: hewa yake, bahari zake, barafu yake. Wamarekani wakachukua jukumu la kujenga kambi penye Ncha ya Kusini yenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa amepata kukaa hapo wakati wa baridi, na wengine walidhani kwamba haiwezekani. Tangu Scott aondoke mwaka 1912 hakuna aliyesimama hapo, mpaka Admeral Dufek na watu wachache waliposhuka kwa eropleni tarehe 31 Oktoba 1956. Mabaharia wajenzi wakaja baada yake, wakajenga kwa vitu vilivyoangushwa kutoka hewani kwa miavuli. Mwisho wa Novemba akaja Siple, awe mkuu wa wataalamu wa sayansi.

Mahali pale ni juu ya uwanda wa barafu, kama meta 2,800 juu ya bahari, juu sana kuliko Nairobi, na pumzi hukatika upesi. Ukisimama penye Ncha yenyewe, kila upande utakaotazama ni kaskazini. Jua huzama mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi, na kuchomoza mara moja, mwezi wa Septemba. Likiisha kuzama, eropleni haikuweza kufika tena mpaka mwisho wa baridi. Mtu akiugua, akiungua, au akishindwa na moyo wake, atasaidiwa na wenzake waliomo humo au hatasaidiwa.

Watu 18 walibaki, pamoja na mbwa mmoja kijana, jina lake Bravo. Nusu walikuwa wanasayansi na nusu watu wa jeshi la majini, na mkuu wa hao wanajeshi alikuwa Luteni John Tuck, kijana wa miaka ishirini na kitu. Siple alikuwa na miaka 48. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka: yule aliyekwenda mara ya kwanza akiwa kijana kati ya watu wazima, ambao wengine walimdharau, sasa ndiye mzee kati ya vijana, na ilimpasa ajihadhari asiwachoshe kwa habari za zamani.

Waliyokuwa wakiyafanya kila siku yalikuwa mengi ya kambini. Walichimba theluji kila siku ili wapate maji, na shimo lao likawa njia ndefu ya kushuka chini. Walilinda moto usiwake ovyo, maana katika kambi ya namna ile moto huogopwa kuliko baridi: nyumba ikiteketea usiku, watu watafia nje. Walihesabu mafuta. Walipima hewa, barafu, matetemeko ya ardhi na mianga ya ajabu ya mbinguni, wakaandika katika daftari bila ya kukosa.

Wakiwa wameanza tu, simu ya upepo ikaleta habari ya msiba. Tarehe 11 Machi 1957 Byrd alikuwa amekufa, mtu aliyemtoa Siple katika mahema ya Erie miaka 29 kabla yake. Siple hakuweza kwenda kumzika. Mke wake na binti zake nao walikuwa mbali, na sauti zao alizisikia mara kwa mara tu, kwa msaada wa watu wenye mitambo ya simu ya upepo nyumbani mwao. Sitaficha kwamba jambo hili lanifikirisha. Uskauti ulimpa mtu huyu kazi kubwa, lakini ulimpa pia mguu usiotulia nyumbani, na walioulipia deni hilo ni wale waliobaki wakimngoja. Watoto wake walikuwa na baba aliyejulikana na dunia, na meza yenye kiti kitupu.

Baridi ikazidi mwezi hata mwezi. Katika kiasi kile mafuta ya taa huwa mazito, chuma kikiguswa kwa mkono mtupu hung'ang'ania ngozi, na pumzi itokayo kinywani huganda hapo hapo. Tarehe 18 Septemba 1957, siku chache kabla ya jua kutokea, kipimajoto kilionyesha digrii 74.5 chini ya sifuri. Hapana mahali po pote duniani palipokuwa pamepata kupimwa baridi kama hiyo mpaka siku ile. Hata hivyo watu waliendelea kutoka nje kusoma vyombo vyao.

Jua likatokea, na baadaye eropleni zikaja. Watu wote 18 walikuwa hai, na Bravo pia. Wengine wakaja kushika nafasi zao, na tangu siku hiyo mpaka leo Ncha ya Kusini haijakosa watu. Tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yalitia sahihi mkataba kwamba Antaktika itumiwe kwa amani tu, na elimu itakayopatikana huko iwe ya wote.

Siple aliandika kitabu kingine juu ya mwaka ule, kikatoka mwaka 1959. Toka mwaka 1963 alikaa Australia, akiwa mjumbe wa Marekani wa mambo ya sayansi kwa nchi hiyo na New Zealand. Mwaka 1966 akapatwa na kiharusi, akarudishwa kwao. Akafa tarehe 25 Novemba 1968 huko Arlington, jimbo la Virginia, kabla hajatimiza miaka 60. Katika ramani ya Antaktika mtaona kisiwa chenye jina lake, na juu ya kisiwa hicho mlima mkubwa uitwao Mlima Siple.

Kambi yake ya Nchani haionekani tena. Iliachwa mwaka 1975, na theluji, ambayo kule huanguka kidogo kidogo wala haiyeyuki, imeifukia kabisa. Kambi ya sasa, iliyopewa majina ya Amundsen na Scott, imesimama juu ya nguzo ndefu ili theluji ipite chini yake. Wakaao humo, kabla ya kufungua mlango, hutazama baridi ni kiasi gani, kisha hutazama upepo.